Rutherford, Namba Mbili Aliyechungulia Tumbo la Atomi

Ule mchoro unaukumbuka. Mwalimu wa fizikia amegeukia ubao, amechora kijisanduku upande wa kushoto, ukuta mwembamba katikati, halafu mishale. Mingi inapita moja kwa moja, miwili mitatu inapinda, na mmoja, huo mmoja mkaidi, unarudi ulikotoka. Chini yake ameandika jina: Rutherford. Wewe ukanakili, ukakariri, ukaandika kwa mtihani, ukasahau. Hata mimi. Halafu karo ikanilemea nikaacha chuo mwaka wa pili, na nikiwa nimekaa tu nyumbani nikaanza kusoma vitu ambavyo hakuna mtu angeniuliza kwa mtihani. Ndipo nikajua nyuma ya ule mshale mmoja kuna maisha ya mtu mzima, na bana, si maisha ya mtu aliyezaliwa akishinda.

Sasa kaa nikusimulie.

Ernest Rutherford alizaliwa tarehe 30 Agosti 1871 pale Brightwater, karibu na mji wa Nelson, New Zealand. Watoto 12 kwa boma moja, yeye wa nne. Baba yake, James, aliletwa kutoka Scotland akiwa mtoto, akawa fundi wa magurudumu na baadaye mtu wa kusindika kitani. Mama yake, Martha, alikuwa mwalimu. Nisikufiche: hawa walikuwa walowezi kwenye ardhi ya Wamaori, na wewe Mkenya huhitaji nikufafanulie neno mlowezi. Lakini pesa hawakuwa nazo. Watoto walifanya kazi za shamba kabla na baada ya shule. Mwaka 1886 ndugu zake wawili wadogo walikufa maji. Ernest alikuwa na miaka kama 15.

Njia pekee ya kutoka pale ilikuwa ufadhili, na ufadhili ulikuwa na mtihani. Alipata alama 580 kati ya 600 akaingia Nelson College. Baadaye akashinda ufadhili mwingine, akaenda Canterbury College mjini Christchurch mwaka 1890, akatoka huko na digrii tatu. Hapo ungedhani mambo yamejipa, sivyo? Akatafuta kazi ya kudumu ya kufundisha shule. Akakosa. Akajaribu tena, akakosa. Mara ya tatu, vilevile. Ile safari ya bahasha ya kaki kwapani unayoijua wewe, huyu jamaa aliijua pia, tena na digrii za hisabati na fizikia ndani ya hiyo bahasha.

Basi akarudi kwenye maabara, akaomba ufadhili mkubwa kuliko wote, ule uliotokana na faida ya maonyesho ya London ya mwaka 1851, ambao uliwapeleka vijana wa makoloni kusoma ng'ambo. New Zealand ilikuwa na nafasi moja tu. Waamuzi walimpa mkemia mmoja anayeitwa James Maclaurin. Rutherford akawa namba mbili. Kisha Maclaurin akaikataa nafasi kwa sababu zake, na barua ikaja kwa namba mbili. Kuna hadithi inayosimuliwa kwamba habari zilimkuta shambani akichimba viazi, akatupa jembe na kuapa hatachimba kiazi kingine maishani. Siwezi kukuhakikishia kuhusu viazi. Kuhusu namba mbili ni kweli.

Mwaka 1895 akafika Cambridge, maabara ya Cavendish, kwa J. J. Thomson. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa kuruhusiwa kufanya utafiti pale bila kuwa wamesomea Cambridge. Alikuja na kifaa chake cha kunasa mawimbi ya redio, na kwa muda alikuwa ananasa mawimbi kutoka umbali wa karibu nusu maili, jambo lililowashangaza wenyeji. Angeng'ang'ana na hicho kifaa pengine angekuwa tajiri kama Marconi. Alikuwa na mchumba nyumbani, Mary Newton, binti wa mama aliyempangisha chumba Christchurch, na pesa za harusi zilihitajika. Lakini eksirei zilikuwa zimegunduliwa mwishoni mwa 1895, na Thomson akamwalika washirikiane kuona zinafanyaje hewa ipitishe umeme.

Hapo ndipo neno ioni linaingia kwa maisha yake. Eksirei inapopita kwenye gesi inang'oa elektroni kutoka kwa atomi. Atomi iliyong'olewa elektroni inabaki na chaji chanya. Hiyo ndiyo ioni, na ndiyo inayobeba umeme. Rutherford akaacha redio.

Mwaka 1898 alipewa uprofesa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Kanada. Miaka 27 tu. Huko akapambanua miale inayotoka kwenye uraniamu akaipa majina unayoyajua, alfa na beta. Akarudi nyumbani mwaka 1900 kumwoa Mary, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wao wa pekee, Eileen. Akiwa na kijana Mwingereza, Frederick Soddy, akaonyesha jambo ambalo wakemia walikuwa wamelizika kama ushirikina wa watafuta dhahabu: elementi moja inaweza kugeuka kuwa nyingine, yenyewe, bila kuguswa. Kwa hiyo akapewa Nobel mwaka 1908. Ya kemia, ati. Yeye mtu wa fizikia. Alicheka sana kuhusu hilo.

Watu wengi wakishapata Nobel wanaanza kula mishahara ya heshima. Huyu, kazi yake kubwa ilikuwa bado mbele.

Kufikia wakati huo alikuwa amehamia Manchester, tangu 1907. Hebu tuielewe kwanza hii chembe ya alfa, kwa sababu ndiyo risasi ya hadithi yote. Rutherford alishuku kwamba ni atomi ya heliamu iliyovuliwa elektroni zake zote mbili, yaani ioni. Lakini kushuku si kujua. Yeye na Thomas Royds wakamwomba fundi wa vioo, Otto Baumbach, awapulizie mrija wa kioo mwembamba chini ya sehemu moja ya mia ya milimita. Ndani wakaweka gesi ya radoni inayotoa alfa. Nje yake wakazungushia chombo kisicho na hewa. Alfa zinapenya kioo hicho, gesi haipenyi. Wakangoja. Baada ya siku mbili wakapitisha umeme kwenye kile kilichokusanyika nje, na mwanga wa manjano wa heliamu ukajitokeza. Baada ya siku sita mistari yote mikuu ya rangi za heliamu ilikuwa pale.

Ule mwanga ni wa nini? Hapa usinipite haraka. Atomi ikigongwa, elektroni yake inaweza kuruka ngazi ya juu. Haikai huko. Inarudi chini, na nishati iliyopewa inaitoa kama mwanga wa rangi maalum, ambao ni kitambulisho cha elementi hiyo, kama alama za vidole. Heliamu ina zake, neoni ina zake. Wakati huo hakuna aliyejua kwa nini. Lakini kusoma rangi walijua, na rangi zilisema heliamu.

Kwa hiyo risasi ilikuwa ioni ya heliamu, inayosafiri zaidi ya kilomita 10,000 kwa sekunde. Hewani, ile yenye kasi kubwa waliyoitumia inasimama baada ya sentimita 7 hivi. Kinachoisimamisha ni nini? Elektroni. Ikipita kando ya atomi, inazisukuma elektroni za atomi hiyo, nyingine zinaruka ngazi, nyingine zinang'oka kabisa. Kila mgongano unaichomoa nishati kidogo, kama mtu anayepita Gikomba na pochi wazi. Lakini haipindi. Elektroni moja ni nyepesi mara 7,000 na zaidi kuliko alfa, na haiwezi kuipindisha, kama vile trela haipindishwi na vumbi.

Wakati huo picha ya atomi iliyopendwa ilikuwa ya Thomson. Ukitaka kuielewa fikiria mukimo. Viazi vilivyopondwa ndivyo chaji chanya, imeenea kila mahali, laini. Mahindi yaliyochomekwa humo ndiyo elektroni. Ukirusha alfa ndani ya mukimo inapita, labda imeyumba kidogo tu.

Rutherford alikuwa na msaidizi Mjerumani, Hans Geiger, na mwanafunzi, Ernest Marsden, kijana wa miaka 20 ambaye hata digrii ya kwanza alikuwa hajamaliza. Geiger akasema kijana anahitaji kazi ya kujifunzia. Rutherford akampa: angalia kama kuna alfa yoyote inayorudi nyuma ikigonga chuma. Hakutarajia kitu. Ndiyo ile kazi unayopewa siku ya kwanza ya mafunzo ofisini, upange faili ambazo hakuna atakayefungua.

Na kazi yenyewe, mwenzangu, usiombe. Hakukuwa na kompyuta. Walikuwa na kioo kilichopakwa zinki salfaidi. Alfa ikikigonga, inaamsha atomi za pale na inatokea cheche ndogo ya mwanga, ndogo kiasi kwamba unaiona kwa hadubini tu, kwenye giza totoro, baada ya kukaa gizani nusu saa macho yazoee. Kisha unahesabu. Moja. Mbili. Macho yanachoka baada ya dakika moja hivi, unampisha mwenzako. Rutherford mwenyewe alijaribu akashindwa: baada ya dakika mbili alikuwa anatukana na kutoka nje. Geiger aliweza kufanya hivyo usiku kucha, ametulia kama maji ya mtungi.

Marsden akaziona. Cheche, upande ule ule ilikotoka miale. Walipohesabu kwa makini, mwaka 1909, kwenye platinamu karibu alfa 1 kati ya 8,000 ilikuwa inageuka na kurudi.

Sasa jiulize wewe ungefanya nini na 1 kati ya 8,000. Mimi najijua. Ningesema ni uchafu kwenye kioo, ni macho ya kijana yamechoka, tufunge maabara twende tukanywe chai. Hakuna profesa ambaye angelaumiwa kwa kuipuuza. Rutherford hakuipuuza, lakini pia hakuielewa, na hilo watu huwa hawasimulii. Alitembea nayo kichwani zaidi ya mwaka mmoja. Mshindi wa Nobel, akarudi kuhudhuria masomo ya hesabu ya uwezekano, akaketi na wanafunzi.

Tatizo lilikuwa hili. Wafuasi wa mukimo wangeweza kusema alfa imeyumba kidogo hapa, kidogo pale, ikaishia kugeuka. Rutherford akapiga hesabu. Matatu ikipita kwenye mashimo 100 ya Jogoo Road itayumba, kweli, lakini mayumbo hayo hayatajipanga yote upande mmoja mpaka gari ligeuke na kurudi tauni. Uwezekano ni kama haupo. Kwa hiyo kugeuka kumetokea kwa mgongano mmoja. Na ili mgongano mmoja ugeuze kitu kizito na chenye kasi vile, lazima chaji chanya yote na karibu uzito wote wa atomi viwe vimebanwa kwenye nukta moja ndogo katikati. Kiini. Ukiifanya atomi ya dhahabu iwe kubwa kama uwanja wa Kasarani, kiini chake ni haragwe moja katikati ya nyasi. Hapo pengine pote ni elektroni zinazozurura na nafasi tupu.

Ulicheza bano ukiwa mdogo? Basi pembe unazijua. Bano lako likigusa la mwenzako kwa ubavu tu, linaendelea mbele limepinda kidogo. Likilenga katikati kabisa, linasimama au linarudi. Tofauti ni kwamba alfa na kiini hazigusani. Zote zina chaji chanya, zinasukumana kwa mbali, kama sumaku mbili za spika ukizielekeza kichwa kwa kichwa. Alfa inayopita mbali na kiini inapinda digrii moja au mbili. Inayopita karibu inapinda 60, 90. Ile inayoelekea usoni pa kiini inapunguza mwendo, inasimama, inarudishwa. Na kwa kuwa haragwe ni dogo na uwanja ni mkubwa, zinazolenga haragwe ni chache mno. Ndiyo ile 1 kati ya 8,000.

Alitoa kanuni mwaka 1911, na kanuni hiyo ilikuwa na ujasiri wa kukubali kupimwa. Ilisema: hesabu alfa zinazopinda digrii 60, halafu hesabu zile za digrii 120, za kwanza zitakuwa mara 9 ya za pili. Linganisha digrii 15 na 150, tofauti itakuwa mara 3,000 hivi. Ongeza kasi ya alfa mara mbili, na zile zinazopinda kwa pembe yoyote utakayochagua zitapungua mara 16. Geiger na Marsden wakarudi gizani. Wakazungusha hadubini pembe baada ya pembe, wakabadilisha chuma, dhahabu, fedha, shaba, alumini, karatasi nyembamba chini ya elfu moja ya milimita, wakapunguza kasi ya alfa kwa kuzipitisha kwenye vipande vya ulanga. Walihesabu cheche zaidi ya 100,000. Kwa digrii 60 na 120 walipata mara 9 na kitu kidogo. Matokeo yalichapishwa 1913.

Kulikuwa na shida moja, na Rutherford aliijua. Kama elektroni zinazunguka kiini, kwa sheria za wakati ule zingepaswa kupoteza nishati na kuanguka ndani kwa kufumba na kufumbua. Atomi hiyo isingedumu. Mwaka 1912 akaja Mdenmarki mpole, Niels Bohr, na tatizo alilolishika kwanza lilikuwa lile la alfa kupunguzwa mwendo na elektroni. Kutoka hapo akafika kwenye ngazi: elektroni zinaruhusiwa ngazi fulani tu, na mwanga unatoka zinaposhuka ngazi. Zile rangi za heliamu kwenye mrija wa Baumbach zikaanza kupata maelezo.

Kisha vita. Agosti 1914, na maabara ile ikavunjika kama kikombe. Geiger akaenda kwenye mizinga upande wa Ujerumani. Marsden, ambaye alikuwa amepata kazi New Zealand, nyumbani kwa mwalimu wake, akapigana Ufaransa upande wa pili. James Chadwick, mwanafunzi mwingine, alikamatwa Berlin akafungiwa kambini Ruhleben miaka yote ya vita. Na Henry Moseley, aliyeonyesha kwa eksirei kwamba kila elementi ina namba yake ya chaji kwenye kiini, alipigwa risasi Gallipoli mwaka 1915. Alikuwa na miaka 27. Rutherford aliumia sana kuhusu Moseley, na aliandika hadharani kwamba kumtuma kijana wa namna ile kwenye mahandaki ni upotevu. Yeye mwenyewe alitumwa kutafuta namna ya kusikiliza nyambizi chini ya maji.

Katikati ya hayo, akiwa karibu peke yake na msaidizi wa maabara William Kay, akarudi kurusha alfa. Safari hii kwenye gesi ya naitrojeni. Ikatoka chembe iliyosafiri mbali kuliko alfa yoyote. Ilikuwa kiini cha hidrojeni, ambacho mwaka 1920 alikiita protoni. Kimetoka ndani ya naitrojeni. Mgongano haukuwa umepindisha risasi tu, ulikuwa umevunja shabaha. Alichapisha mwaka 1919, mwaka ule ule aliochukua kiti cha Thomson kule Cavendish, mahali alipoingia miaka 24 nyuma kama mgeni wa kutoka makoloni.

Miaka ya Cavendish nitaipita mbio, maana ni kama orodha ya mafanikio ya wengine chini ya paa lake. Mwaka 1932 Chadwick akapata nyutroni, chembe ambayo mzee alikuwa ameitabiri miaka 12 kabla. Mwaka huo huo Cockcroft na Walton wakapasua lithiamu kwa protoni walizoziongeza kasi kwa mashine. Yeye alizunguka maabara akiimba wimbo wa kanisani nje ya tuni, na sauti yake ilikuwa kubwa hadi ikavuruga vifaa, wakaweka bango la kuwaomba watu wazungumze polepole. Mrusi mmoja, Kapitza, alimbandika jina la Mamba, na mamba huyo amechongwa ukutani Cambridge mpaka leo.

Lakini si kila kitu kilikuwa kicheko. Desemba 1930 binti yake, Eileen, alikufa siku chache baada ya kujifungua mtoto wa nne. Siku chache baadaye habari zikatoka kwamba baba anafanywa lodi. Alichukua cheo kwa jina la mji wa utotoni, Nelson, na kwenye nembo yake akaweka ndege wa kiwi na shujaa wa Kimaori. Wahitler walipoanza kufukuza wasomi Wayahudi mwaka 1933, yeye ndiye aliongoza baraza la kuwatafutia kazi na makao Uingereza.

Alikosea pia. Mwaka huo wa 1933 alidharau hadharani wazo kwamba watu wangepata nguvu za maana kutoka kwa kiini cha atomi. Aliona ni ndoto za mchana.

Tarehe 19 Oktoba 1937 alifariki Cambridge, akiwa na miaka 66, kwa henia iliyojinyonga. Hata baada ya upasuaji hakupona. Majivu yake yalizikwa Westminster Abbey, karibu na Newton. Miezi 14 baadaye, Berlin, kiini cha uraniamu kikapasuliwa, na yaliyofuata hakuyaona.

Septemba 1967 chombo cha Marekani kisicho na mtu, Surveyor 5, kilitua mwezini. Kilikuwa kimebeba kijisanduku kilichoteremshwa kwa kamba mpaka kwenye udongo. Ndani yake kulikuwa na chanzo cha alfa. Kilizirusha chini, kikahesabu zinazorudi na nishati zilizorudi nayo, kwa sababu alfa inayogonga kiini kizito hurudi na nguvu zaidi kuliko inayogonga kiini chepesi. Hivyo ndivyo watu walivyojua kwa mara ya kwanza udongo wa mwezi umetengenezwa na nini. Oksijeni ndiyo iliyokuwa nyingi kuliko zote, ikifuatwa na silikoni.

Marsden alikuwa bado hai, mzee wa miaka 78, kule Wellington.